Dokumentari za bure mtandaoni: zipi zinamfaa mtazamaji wa Lamu na Malindi

Filamu ni bure, lakini bando si bure. Kwa hiyo hapa huduma hazikupimwa kwa wingi wa filamu zilizonazo. Zimepimwa kwa maswali matatu: filamu ya dakika 52 italamba MB ngapi hadi imalizike, itakwama mara ngapi njiani, na je, aliyeiweka ana haki nayo? Ukiyafuatilia kwa makini utaona maswali hayo yanakwenda pamoja. Pale mwenye filamu alipoiweka mwenyewe ndipo unapoweza kujichagulia ubora wa picha, ndipo pasipo na vitufe vya uongo, na ndipo bando linapodumu.

YouTube ndiyo ya kwanza, na inastahili. Google huweka nakala za video zinazotazamwa sana kwenye seva zilizo karibu na watoa huduma, kwa hiyo video ya Berlin au Doha haiji kutoka huko kila mara unapobonyeza. Nyaya za intaneti za EASSy na SEACOM zilipokatika baharini upande wa Afrika Kusini mwezi Mei 2024, intaneti ya Afrika Mashariki ilipwaya, na siku kama hizo kilichohifadhiwa karibu ndicho huumia kidogo. Ila YouTube ni soko, na sokoni kuna mwenye duka na kuna mchuuzi wa mali ya wizi. Chaneli tatu za kushikilia ni DW Documentary ya Ujerumani, Al Jazeera English na BBC News Africa, ambako mfululizo wa Africa Eye hutolewa. Zote zinapakia kazi zao wenyewe.

DW Documentary ndiyo inayofaa zaidi kwa mtu anayetaka kutulia na jambo moja. Filamu zake nyingi ni za dakika 28, 42 au 52, msimulizi hazungumzi kwa pupa, na Kiingereza chake ni cha kueleweka hata na mwanafunzi wa sekondari. Udhaifu wake ni kwamba jicho ni la Ulaya: filamu kuhusu samaki wa Afrika mara nyingi huanzia na kuishia kwenye meza ya mnunuzi. Al Jazeera hapa iko mbele. Katika mfululizo wa Witness mvuvi, mkulima au mwalimu anajisimulia mwenyewe bila mtangazaji kusimama kati yake na kamera. Africa Direct nayo ni filamu fupi za watengenezaji wa Afrika, na kwa mtu mwenye bando dogo hakuna thamani inayoipita: dakika chache, kisa kamili.

Africa Eye ni ya aina nyingine, ni uchunguzi. Ukitaka kuona kazi hiyo inafanywaje, tazama Anatomy of a Killing ya mwaka 2018, ambayo haifiki dakika 12. Ilikuwapo video iliyosambaa mitandaoni ya askari wakiwaua wanawake na watoto, na serikali ya Cameroon ikakana kuwa ni kwao. Wachunguzi walichukua mstari wa kilima kinachoonekana nyuma ya watu, wakaulinganisha na picha za setilaiti mpaka wakapata mahali penyewe, kaskazini ya mbali ya Cameroon. Wakapima vivuli vya askari wanaotembea kama mtu asomaye saa ya jua, wakapata ni wakati gani wa mwaka. Usiitazame mbele ya watoto, na hii usiitazame kwa 240p (namba hizo ni kipimo cha ubora wa picha, kadiri ilivyo kubwa ndivyo picha inavyokuwa kali): ule mstari wa kilima ndio ushahidi, na kwa picha ya ukungu hutauona. Hapa weka 720p. Kwa kuwa ni fupi, haitapita MB 180 hivi.

Hesabu yenyewe ni rahisi, na ukiijua hutadanganywa na tangazo la bando lolote: mwendo wa megabiti 1 kwa sekunde, ukiendelea kwa saa nzima, ni MB 450. Filamu ya dakika 52 kwa 360p huenda kwa megabiti 0.6 hivi, yaani kama MB 235. Kwa 480p ni kama MB 390, kwa 720p ni kama MB 780, na kwa 1080p utakuwa umepita GB 1.5. Hupanda na kushuka kidogo kulingana na picha. Mtu aliyeketi akihojiwa hula kidogo, na mawimbi, majani yanayotikisika au umati wa watu hula zaidi kwa sababu kila kitu kwenye picha kinabadilika. Filamu ya bahari ni ghali kuliko filamu ya ofisi.

Kinachowapokonya watu bando si 1080p waliyoichagua, ni ile waliyochaguliwa. YouTube ikiachwa kwenye hali ya kujiamulia, hupandisha ubora kila mtandao unapokuwa mwepesi. Ndiyo maana bando la usiku wa manane, wakati mnara hauna watu, huisha mbio kuliko la jioni. Ingia kwenye picha ya akaunti yako, fungua mipangilio, tafuta sehemu ya ubora wa video, kisha upande wa data ya simu weka kuokoa data. Jua pia kwamba ukichagua 360p ndani ya video inayocheza, chaguo hilo ni la video hiyo peke yake, na inayofuata itaanza upya na mambo yake. Kwa hiyo zima na ile hali ya kucheza video inayofuata yenyewe. Mtu akisinzia baada ya isha, simu huendelea mpaka alfajiri.

Kwenye skrini ya simu ya inchi 6, 360p inatosha kwa mahojiano. Ramani, grafu na maandishi madogo yanataka 480p. Zaidi ya hapo ni ya runinga.

Kitufe cha kupakua kikionekana chini ya video kwenye programu ya YouTube, kitumie, kwa sababu filamu iliyopakuliwa haikwami hata ukiwa kwenye mashua katikati ya mkondo. Kina masharti yake. Video hukaa ndani ya programu hiyo tu, haihamishiki kwenye fleshi wala memori kadi ya kumpa jirani, na simu lazima irudi mtandaoni kila baada ya muda, la sivyo hufungwa hadi utakapounganisha tena. Anayekwenda Kiunga au Ndau kwa siku kadhaa aifungue kila video mara moja kabla ya kuondoka bandarini, ahakikishe inacheza data ikiwa imezimwa. Mwendo wa megabiti 3 hushusha ile filamu ya MB 235 kwa dakika 10 au 11. Usianze kupakua mashua inapong'oa nanga.

Kwa walio na Wi-Fi nyumbani, tatizo mara nyingi si kampuni. Nyumba za mawe za Mji wa Kale wa Lamu zina kuta za matumbawe na chokaa zenye unene wa karibu nusu mita. Ukuta mmoja wa namna hiyo unaweza kuyazima kabisa yale masafa ya 5 GHz, na 2.4 GHz hupita lakini ikiwa hoi. Ruta nyingi hutoa majina mawili ya mtandao. Ukiwa ndani, shika lile la 2.4, ikiwa ruta iko mbele ya macho yako, shika la 5. Mahali pazuri pa kuiweka ni kwenye kiwanda, ule ua wa ndani, juu ya usawa wa kichwa na penye kivuli, maana kutoka pale mawimbi huingia vyumbani kwa milango badala ya kupigana na mawe. Malindi, kwenye nyumba za matofali na mabati, ni rahisi kidogo, ila bati hurudisha mawimbi, kwa hiyo anayelala juu barazani huku ruta iko chumbani chini ya bati asishangae. Na kila baada ya miezi michache chomoa ncha za waya uzifute kwa kitambaa kikavu. Hewa ya chumvi huzila taratibu, mtandao unaanza kukatikakatika, na mtu anapiga simu kulalamika kwa jambo la kutu.

AfriDocs inapaswa kujulikana kuliko inavyojulikana. Ilianzishwa mwaka 2014 na Steps, shirika la Cape Town, kwanza kama kipindi cha runinga kisha ikaja mtandaoni, na kazi yake ni dokumentari za Afrika kwa watazamaji wa Afrika, bila malipo. Hapa hupati filamu za simba na twiga zenye sauti nzito ya mzungu. Unapata filamu ndefu za wakurugenzi wa Afrika, zile ambazo kwingine hupita kwenye matamasha ya Durban na Ulaya halafu zinapotea. Kwa hilo pekee inastahili nafasi kwenye simu yako. Kasoro zake ni mbili. Haki za filamu huisha, kwa hiyo filamu ya mwezi huu huenda isiwepo mwezi ujao. Ukiipenda, itazame sasa. Na kichezaji cha video cha tovuti ndogo hakiwezi kushindana na cha YouTube: kwenye mtandao dhaifu ukiruka mbele hukaa kinazunguka. Dawa ni kuifungua video, kuisimamisha kwa dakika mbili tatu ili ijaze akiba, kisha kuicheza moja kwa moja bila kurukaruka.

Steps hao hao ndio waliotoa Why Poverty? mwaka 2012, filamu ndefu 8 kuhusu umaskini ambazo ziko wazi mtandaoni. Anza na Solar Mamas. Ni habari ya Rafea, mama wa Kibedui wa Jordan, anayekwenda India kwenye Barefoot College kusomea ufundi wa umeme wa jua pamoja na kina mama wa nchi nyingine, wengi wao hawajui kusoma. Masomo hufanywa kwa rangi na kwa vitendo. Kwa visiwa vyetu, ambako paneli ya jua ni chombo cha nyumbani kama jiko, filamu hii inazungumza lugha inayoeleweka, na ugomvi wake na mumewe juu ya safari utafungua mjadala barazani usiokwisha usiku ule.

Internet Archive, yaani archive.org, ni ghala la aina nyingine. Lipo tangu 1996 na seva zake ziko California, kwa hiyo kutazama moja kwa moja kutoka huku ni kujitesa. Lenyewe limetengenezwa kwa kupakua. Fungua ukurasa wa filamu, shuka hadi kwenye orodha ya mafaili, na hapo usikimbilie la kwanza. Filamu moja huwekwa kwa sura kadhaa: lile la MPEG2 ndilo kubwa, filamu ya dakika 20 inaweza kufika mamia ya MB, na la MP4 au lile lililoandikwa 512Kb kwa dakika zile zile huwa chini ya MB 100. Shusha hilo, lihifadhi kwenye memori kadi, lifungue kwa VLC, programu ya bure ya kuchezea video. Mtandao ukikatika katikati usifute, bonyeza kuendelea, na mara nyingi litaanzia lilipoachia. Tofauti na YouTube, faili hili ni lako: liweke kwenye fleshi, mpe mwalimu.

Hapo utapata mkusanyiko wa Prelinger wenye filamu za zamani za Marekani za mashuleni na viwandani, na kazi za mwanzo kabisa za fani hii ambazo muda wa hakimiliki umekwisha. Mojawapo ni Nanook of the North ya Robert Flaherty, ya mwaka 1922, juu ya familia ya Wainuit wa kaskazini mwa Canada. Tazama tukio la familia kulala ndani ya nyumba ya barafu. Kamera za wakati ule hazikuwa na uwezo wa kupiga ndani ya giza, kwa hiyo nyumba ile ilijengwa nusu, upande mmoja wazi ili mwanga uingie, na watu wale wanajifunika ngozi huku baridi ya nje ikiwapiga. Uwindaji nao ni wa mikuki, ilhali watu hao walikwisha kuwa na bunduki. Mkurugenzi alitaka ya kale. Ukishaliona hilo mara moja, hutatazama tena filamu yoyote ya mwambao, na jahazi lake na bui bui lake, bila kujiuliza nani aliomba vitu vipangwe vile.

British Pathé, walioweka filamu 85,000 kwenye YouTube mwaka 2014, ni hazina ya picha za ukoloni na uhuru. Ni vipande vifupi, vingi vya dakika moja hadi nne. Picha ni ushahidi, maneno ya msimulizi ni ya wakati ule na ya watawala wale. Zima sauti, keti na mzee anayeyajua mambo, mwachie yeye asimulie.

Bodi ya filamu ya taifa ya Canada, nfb.ca, nayo ina maelfu ya filamu za bure, kwa Kiingereza na Kifaransa. Safi, haina usumbufu, ila iko mbali kama Archive.

Zipo zinazosifiwa sana mitandaoni ambazo kwetu hazifunguki. BBC iPlayer ni ya Uingereza tu. Tubi na Pluto TV hazijafunguliwa kwetu. Kanopy inataka kadi ya maktaba iliyojiunga nayo. Filamu nyingi za tovuti ya PBS hukataa nje ya Marekani, ingawa Frontline huweka nyingi kwenye YouTube, kwa hiyo zitafute huko. Usihangaike na VPN ya bure, ile programu ya kuifanya simu ionekane iko nchi nyingine: huongeza safari ya data, huila sehemu ya bando kwa kazi yake yenyewe, na baadhi yake huuza habari za wanaoitumia.

Kisha kuna tovuti za orodha, zile zinazodai kuwa na maelfu ya dokumentari mahali pamoja. Nyingi hazina hata filamu moja, zimebandika tu video za YouTube na Vimeo. Mwenye video akiifuta, ukurasa hubaki na mraba mweusi. Zitumie kama katalogi: soma jina la filamu, kisha uende ukalitafute kwa mwenyewe. Zile za wizi utazijua kwa macho: vitufe viwili vitatu vya kucheza ambavyo kila kimoja hufungua ukurasa mwingine, ombi la kuruhusu arifa kabla hujaona lolote, na agizo la kushusha faili la APK, yaani programu ya simu isiyotoka kwenye duka rasmi, ili uweze kutazama. Ukifika kwenye APK, ondoka. Huko hakuna mahali pa kuchagua 360p pia, na matangazo hula bando kabla ya filamu kuanza.

Hatari mpya iko ndani ya YouTube yenyewe: video zenye kichwa cha dokumentari, sauti ya kompyuta, na picha za kuokoteza. Historia ya pwani yetu imekuwa shamba lao. Chukua habari za Wachina. Ni kweli twiga wa Malindi alifikishwa China mwaka 1415, sarafu ya enzi ya Yongle ilipatikana Mambrui mwaka 2010, na nyingine Manda mwaka 2013. Lakini video ikikuonyesha meli ya Zheng He, amiri wa majini wa China wa enzi hiyo, iliyozama Pate kana kwamba imekwisha kuopolewa, ifunge; meli hiyo haijapatikana. Dokumentari ya kweli hutaja majina ya waliohojiwa kwenye skrini, na mwishoni huwa na orodha ya waliopiga picha, waliohariri na waliogharamia. Isiyo na orodha hiyo haina mtu wa kuulizwa.

Orodha hiyo ya mwisho ina kazi nyingine: ndiyo yenye mwaka wa filamu, mara nyingi kwa tarakimu za Kirumi. Tarehe iliyo chini ya video ni ya kupakia tu. Filamu za 2016 hadi 2018 kuhusu Lamu huzungumza juu ya kiwanda cha umeme wa makaa ya mawe pale Kwasasi kama jambo linalokuja, ilhali leseni yake ilifutwa na jopo la rufaa za mazingira, National Environment Tribunal, mwezi Juni 2019. Zile zinazosema bandari iko njiani ni za kabla ya Mei 2021, gati la kwanza lilipofunguliwa. Na inayozungumzia wavuvi na bandari bila kutaja hukumu ya Mahakama Kuu ya Malindi ya Aprili 2018, iliyowapa fidia ya shilingi bilioni 1.76, ama ni ya kale ama haikufanya kazi yake.

Kuhusu lugha, huu ni upungufu wa kweli na unauma. Dokumentari ndefu za Kiswahili ni chache mno. BBC News Swahili na DW Kiswahili huweka makala za video, nyingi fupi. Kwa zilizobaki, fungua YouTube kwenye kivinjari cha kompyuta, bonyeza alama ya gurudumu, ingia kwenye manukuu, chagua Kiingereza, rudi tena humo uchague tafsiri ya moja kwa moja, kisha Kiswahili. Inasaidia kufuata kisa. Majina ya watu na mahali huharibika, na usitegemee mashine ijue kusi na kaskazi. Manukuu yaliyoandikwa na watu hutafsirika vizuri kuliko yale yaliyozalishwa na mashine, kwa sababu makosa hayarundikani mara mbili. Kwa mama au bibi asiyesoma, ni lazima mtu akae kando atafsiri.

Anayetaka kuonyesha kijiji kizima kwa projekta ajue masharti ya YouTube ni ya kutazama binafsi, na kwamba maonyesho ya hadhara yanaangukia chini ya Sheria ya Filamu na Michezo ya Jukwaani, Sura ya 222, ambayo Bodi ya Kuainisha Filamu ndiyo huisimamia pamoja na alama zake za GE, PG, 16 na 18. Andikia mwenye filamu uombe ruhusa, kisha uende kwa Bodi. Watengenezaji wa dokumentari wanataka kazi zao zionekane, na barua fupi yenye mahali, tarehe na idadi ya watazamaji mara nyingi hujibiwa.

Zimebaki mbili ambazo watu wa hapa huziulizia kwanza. New Moon ya Philippa Ndisi-Herrmann, ya mwaka 2018, ilipigwa Lamu; ilianza kama filamu ya bandari ikageuka kuwa safari ya mwenyewe kuingia katika Uislamu. The Letter ya Maia Lekow na Christopher King, ya mwaka 2019, ni ya Kilifi, juu ya bibi anayeitwa mchawi na familia yake iliyogawanyika, jambo ambalo kila mwenyeji wa Malindi amelisikia karibu na kwao. Kilicho bure kwa uhakika ni vionjo vyake vya dakika mbili hivi. Ukitumiwa faili zima kwenye Telegram, limeibwa kwa watengenezaji waliokaa miaka wakipiga picha hizo. Hizo mbili zitafute kwa wenyewe, na wakitaka malipo, lipa.